Kuziunda Upya Spika Kongwe kwa Nyumba ya Lamu

Mtu anayetaka kuzitengeneza upya spika za zamani anazozipenda hana budi kuamua jambo moja kabla ya kushika bisibisi: ni kitu gani hasa katika sauti ya spika hizo ambacho hataki kukipoteza. Wengi huanza upande wa pili, wakanunua kapasita ghali, waya nene na twita mpya (kipaza cha sauti nyembamba), kisha wakashangaa mbona spika zimekuwa safi lakini ile sauti ya udi na fidla iliyowafanya wazihifadhi miaka yote imetoweka. Mwongozo huu unafuata njia ya kupima kwanza, kurejesha kilichochakaa, na ndipo kubadili muundo, tena kuubadili kwa kuzingatia chumba ambamo spika zitasikilizwa. Kwa mkazi wa Lamu suala la chumba lina uzito wa pekee, kwa kuwa nyumba zetu za mawe hazifanani na sebule za Kiingereza ambazo wahandisi wa zamani walikuwa nazo akilini.

Jozi ninayoichukua kuwa mfano ina makasha yaliyozibwa pande zote, yasiyo na tundu la hewa, na kila kasha lina vipaza viwili: wufa (kipaza cha sauti nzito) ya KEF B200 ya inchi 8 na twita ya T27 ya kampuni hiyo hiyo. Raymond Cooke aliianzisha KEF mwaka 1961 huko Maidstone, Uingereza, baada ya kufanya kazi BBC na katika kampuni ya spika ya Wharfedale, na mojawapo ya sifa za wufa zake za wakati huo ni koni ya plastiki iitwayo Bextrene badala ya karatasi. Kwa watu wa pwani hiyo ni neema, maana plastiki hainyonyi unyevu wa bahari. Mwenye spika za aina nyingine anaweza kufuata hatua hizi hizi, mradi atumie vipimo vya vipaza vyake mwenyewe na si vya jirani.

Uchunguzi kabla ya kufungua

Piga picha kila upande, kisha andika A na B kwa penseli nyuma ya makasha, kwa sababu vipuri vya kasha moja vikichanganywa na vya jingine utapoteza njia ya kujua kasoro ilianzia wapi. Sikiliza wimbo mmoja uleule kwa spika moja, halafu kwa nyingine, zote zikiwa zimewekwa mahali pale pale kwa zamu. Zikitofautiana, kuna kitu kimechoka upande mmoja. Zikifanana, usikimbilie kufurahi, kwani huenda zimechoka pamoja.

Zima amplifaya, chomoa waya, na uweke mita ya kupimia umeme, ikiwa kwenye omu, juu ya pini za nyuma. Spika inayoitwa ya omu 8 kwa kawaida itasoma kati ya omu 6 na 7, kwa kuwa mita hupima ukinzani wa waya kwa mkondo mnyoofu (kama wa betri) tu, ilhali zile omu 8 ni za mkondo wa muziki. Kipimo hicho kinaisema wufa peke yake, maana kapasita huuzuia mkondo mnyoofu usifike kwenye twita. Ili kuipima twita, lazima uitoe na uitenganishe na krosova, yaani saketi inayogawa muziki kati ya wufa na twita. Tofauti ya sehemu ya kumi moja au mbili za omu kati ya A na B si kitu. Mita isiposoma chochote, koili ya sauti, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imekatika.

Sasa weka vidole vya mikono miwili kuizunguka kofia ya katikati ya wufa, uisukume ndani polepole bila kuielemeza upande, na utege sikio karibu. Mkwaruzo ukisikika, koili inagusa sumaku. Kasha lililozibwa sawasawa litairudisha koni kwa uvivu. Ikirudi mara moja pindi uiachapo, hewa inapita mahali fulani, na kasha hilo linahitaji kalafati kama jahazi linalovuja. Mwisho, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye pini kwa sekunde moja, upande wa chanya kwenye pini nyekundu, na uangalie kwamba wufa zote mbili zinasukumwa nje. Nimekutana na spika kadhaa zilizolalamikiwa kwamba hazina besi kumbe fundi wa zamani aligeuza waya wa kasha moja tu. Jaribio la betri ni la wufa, usilifanye kwa twita.

Vipaza

Ukingo unaoiunganisha koni na fremu ndio mara nyingi huanza kuharibika. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilipewa ukingo wa sponji ya poliyurethani, ambayo huoza yenyewe kwa unyevu na mwanga hata kama spika haikupigwa, na ikiguswa huganda kidoleni na kuacha weusi. Ukingo wa jamii ya mpira, kama ulio kwenye B200, hudumu zaidi na mara nyingi hauhitaji kitu zaidi ya kufutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Usiupake mafuta ya kung'arishia matairi wala mafuta yoyote ya petroli, hata ukiambiwa na nani, kwa sababu yanailegeza gundi.

Ikibidi kubadili ukingo wa sponji, pima kipenyo cha nje, cha ndani, na upana wa ile tao ya katikati kabla ya kuagiza, kisha ondoa mabaki kwa spiriti na kijiti cha mti. Ili kuiweka koili katikati bila kukata kofia, gundisha ukingo kwenye koni kwanza na uuache ukauke. Baadaye paka gundi upande wa fremu, piga mlio wa 20 mpaka 30 Hz kwa kiwango kidogo cha amplifaya, na koni ikiwa inacheza uisogeze kwa vidole hadi mkwaruzo upotee. Endelea kusikiliza mpaka gundi ishike.

Fremu za chuma hushika kutu haraka mjini kwetu, na hapa ndipo wufa nyingi hufia mikononi mwa watu wenye nia njema. Brashi ya chuma na sufu ya chuma hazina nafasi katika kazi hii. Chembe zake huvutwa na sumaku, huingia katika ule upenyo mwembamba ambamo koili inacheza, na kuzitoa ni kazi ya kuumiza kichwa. Ziba upenyo wote kwa utepe wa karatasi, tumia msasa laini kwa mkono huku fremu ikiwa imeinamishwa ili vumbi lianguke chini, futa kwa utepe unaonata, halafu paka rangi ya kuzuia kutu kwa brashi ndogo.

Twita ya T27 iliyoungua ni tatizo la namna nyingine. KEF haiitengenezi tena, lakini kampuni ya Falcon Acoustics ya Uingereza inatengeneza toleo lake jipya, na zilizotumika huuzwa pia. Ukichagua twita ya kisasa ya aina nyingine, ujue kwamba umeamua vilevile kuunda krosova upya, kwa kuwa twita mbili zenye umbo moja zinaweza kutofautiana kwa nguvu ya sauti na kwa ukinzani kiasi cha kuufanya mpango wa zamani usifae.

Kasha

Makasha ya enzi hizo yalijengwa kwa chipbodi iliyovikwa ubao mwembamba wa msaji au wa mti wa jozi. Chipbodi huvimba kwa chini, hasa ikiwa spika ilikaa moja kwa moja juu ya sakafu ya chokaa wakati wa masika. Ikaushe ndani ya nyumba, mbali na jua kali, ingiza gundi ya epoksi iliyo nyepesi kwenye sehemu iliyofumuka, na uibane kwa klampu na vibao. Angalia pia njia za mchwa. Kasha lililoliwa ndani halitengenezeki. Hilo lijengwe upya.

Lamu ni mji wa maseremala, na mwenye spika atashawishika kuyajenga makasha mapya kwa mbao ngumu zenye nakshi. Ushauri wangu ni kwamba asifanye hivyo. Ubao mzima hupanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika kati ya kaskazi na kusi, ukapasuka kwenye maungio, na nakshi inayoizunguka twita huisambaratisha sauti yake nyororo. Ikiwa kasha lazima liwe jipya, tumia plaiwudi ya kazi za majini, uhifadhi ujazo wa ndani na upana wa uso wa mbele kama ulivyokuwa, na nakshi ziende kwenye vigoda vya kuwekea spika.

Kwa kasha zima, kazi yenye faida ni kuongeza boriti ndogo ya mvule au mninga kati ya ubavu na ubavu, si katikati kabisa bali pembeni kidogo, ili kuta zisitetemeke kwa mlio mmoja. Kipande cha sentimita 4 kwa 4 kwa 24 hula chini ya nusu lita ya ujazo, kiasi kisichodhuru kasha la lita 25. Chini ya fremu ya wufa weka utepe mpya wa sponji isiyopitisha hewa, na uepuke silikoni yenye harufu ya siki, kwa kuwa asidi yake hula shaba. Parafujo ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, zile zinazouzwa kwa kazi za vyombo vya baharini. Nyuzi za kioo zikiwamo ndani, vaa glavu na barakoa kabla ya kuzigusa, na uzirudishe kwa wingi uleule, kwani kuzipunguza au kuzishindilia hubadili besi.

Krosova

Krosova ndiyo inayogawa muziki, ikiipa wufa sauti nzito na twita sauti nyembamba, na ndimo zilimo kapasita za elektroliti ambazo hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Nilipoishika mkononi krosova ya jozi hii, miguu ya kapasita ilikuwa imeota kijani kwa chumvi, na ile iliyoandikwa mikrofaradi 4 ilisoma zaidi ya 5. Kapasita kongwe mara nyingi husoma juu ya thamani yake kwa sababu inavujisha mkondo, hivyo usomaji mkubwa haumaanishi kwamba imeimarika.

Fanya kazi kwenye kasha A tu, uliache B kama lilivyo. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa haraka ya kumaliza, na hakuna nyingine inayofunza kama hiyo, kwa kuwa masikio husahau sauti ya jana lakini hayawezi kudanganywa na spika mbili zilizosimama bega kwa bega zikipigwa kwa zamu. Weka kapasita za polipropilini za thamani iliyoandikwa, zenye volti 100 au zaidi, na ulehemu kwa lehemu yenye utomvu wake ndani. Kapasita hizo ni kubwa kwa umbo kuliko za zamani, kwa hiyo pengine utahitaji ubao mpya wa kuzipangia. Baada ya hapo utasikia twita imekuwa kali zaidi. Sehemu ya ukali huo ni haki yake, kwani kapasita iliyochoka ilikuwa ikiizuia, lakini sehemu nyingine imetokana na kwamba elektroliti hata ikiwa mpya ina ukinzani wake mdogo wa ndani, ambao mhandisi wa kwanza aliuhesabu. Rezista (kipuri cha kuongeza ukinzani) ya nusu omu hadi omu moja, iliyofuatanishwa na kapasita ya twita, huurudisha mlingano wa awali, na si mara chache hiyo ndiyo tofauti kati ya spika iliyopona na spika iliyobadilika tabia.

Koili za krosova hazichakai, basi ziache. Anayeing'oa koili yenye kiini cha chuma na kuweka ya hewa iliyosokotwa kwa waya mwembamba humwongezea wufa ukinzani, na besi hulegea. Ukipanga ubao mpya, zilaze koili kwa pembe tofauti, moja imesimama na nyingine imelala, ili usumaku wa moja usiingie katika nyingine. Kazi ikishajaribiwa, paka maungio vanishi nyembamba ya saketi dhidi ya chumvi.

Hadi hapo umerejesha, hujaunda upya. Kuunda upya kunahitaji vipimo vya sauti, na siku hizi gharama yake ni ndogo: maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1, kompyuta, na programu ya Room EQ Wizard, ambayo hutolewa bure. Chumba cha mawe hakifai kwa kazi hii kwa sababu ya mwangwi, ila juu ya dari, palipo wazi, panafaa sana. Iinue spika hadi twita iwe mita 1.5 kutoka sakafuni, maikrofoni iwe mita 1 mbele yake kwa kimo hicho hicho. Sauti inayogonga sakafu itachelewa takriban milisekunde 6 nyuma ya ile iliyokuja moja kwa moja, basi iambie programu ikate kila kitu baada ya hapo, nawe utapata kipimo cha kuaminika kuanzia karibu 160 Hz kwenda juu. Chagua alfajiri tulivu, hasa siku za maleleji, kabla ya upepo kuamka. Punda ni shauri lingine. Akilia, rudia kipimo.

Pima wufa na twita kila moja peke yake kupitia krosova, bila kuisogeza maikrofoni, huku spika ya pili ikitoa mlio wa kuhesabia muda, kisha zipime kwa pamoja. Pima pia ukinzani wa kila kipaza kwa masafa yote, ambao programu ileile inaweza kuuchora kwa msaada wa rezista moja na waya chache. Takwimu hizo uziingize katika VituixCAD, programu nyingine isiyolipiwa, ambamo unaweza kubadili kapasita na koili kwenye skrini kabla ya kutoa shilingi.

Vitabu vya kale hutoa kanuni kwamba kapasita ya twita ni 1 gawanya kwa 2π mara masafa mara ukinzani, na kwa omu 8 na 3,000 Hz jibu ni mikrofaradi 6.6. Kanuni hiyo ni sahihi kwa rezista, na kipaza si rezista, kwani ukinzani wake hupanda na kushuka kadiri masafa yanavyobadilika. Kwa wufa kuna dawa rahisi: rezista na kapasita zilizofuatana, zikaunganishwa sambamba na wufa, huuzuia ukinzani wake usipande. Ili kupata rezista, chukua ukinzani wa wufa wa mkondo mnyoofu uzidishe kwa 1.25. Wufa ya omu 6.5 ambayo koili yake ya sauti ina milihenri 0.8 itataka rezista ya omu 8.2 na kapasita ya mikrofaradi 12. Baada ya hapo koili ya wufa hufanya kazi yake kama ilivyokusudiwa.

Usitarajie kwamba krosova bora itakuwa na vipuri vichache. LS3/5A, spika ndogo ya BBC iliyotumia wufa ya KEF B110 na twita ya T27, ilijaa koili na kapasita kwa sababu wahandisi wake walikuwa wakilainisha uvimbe katika sauti ya wufa na kuipunguza nguvu twita. Jaribio la kujua kama wufa na twita zinakubaliana ni kugeuza waya za twita kwa muda: ikiwa muundo ni mzuri, mchoro wa pamoja utaonyesha shimo refu hasa pale vipaza vinapopokezana. Shimo likiwa fupi au likiegemea upande, bado kuna kazi.

Chumba

Upana wa vyumba vya nyumba zetu za kale uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko, ndiyo maana vingi ni virefu na vyembamba, vyenye upana wa mita 2.5 hadi 3. Katika joto la nyuzi 28 sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde, hivyo chumba chenye upana wa mita 2.7 hujibu kwa nguvu karibu na 64 Hz, na noti za besi zilizo hapo huvuma kuliko nyingine. Kuta za matumbawe na lipu ya chokaa hazimezi masafa hayo. Kwa sababu hiyo spika yenye kasha lililozibwa huvifaa vyumba hivi kuliko yenye tundu, na mwenye spika za tundu ajaribu kulijaza sponji kabla ya kufikiria jambo lingine. Sponji hiyo inamzuia mjusi pia.

Jambo la pili ni upana wa uso wa kasha. Chini ya masafa fulani, ambayo kwa makadirio ni 115 gawanya kwa upana katika mita, sauti huacha kwenda mbele tu na kuanza kulizunguka kasha. Kwa kasha la sentimita 28 ni karibu 410 Hz. Spika iliyosimama mbali na kuta hupoteza hadi desibeli 6 chini ya hapo, na krosova nyingi za kisasa hufidia kiasi kikubwa cha upungufu huo. Katika chumba chembamba ukuta wa nyuma hukaribiana na spika na hurejesha sehemu ya sauti hiyo, kwa hiyo fidia ya desibeli 2 au 3 inatosha. Anayenakili mpango ulioundwa kwa ajili ya sebule pana atapata besi nzito inayofunika maneno ya mwimbaji.

Ziweke spika kwenye ukuta mfupi, zikitazama urefu wa chumba. Uso wa wufa ukiwa sentimita 50 kutoka ukuta wa nyuma, kutakuwa na upungufu karibu na 174 Hz, mahali penye uzito wa sauti ya kiume. Ukiusogeza hadi sentimita 35 upungufu huo hupanda hadi karibu 250 Hz. Jaribu kwa hatua za sentimita tano huku ukipima kutoka pale unapokaa. Zidaka zilizojaa vitabu na vyombo husaidia kutawanya mwangwi, na zulia nene au mikeka michache hupunguza ukali wa sakafu. Maliza marekebisho ya rezista ya twita ukiwa umekaa ndani ya chumba hicho, wala si juu ya dari.

Baada ya A kukuridhisha, fanya B vivyo hivyo, kisha upime zote mbili. Michoro ikifuatana ndani ya desibeli 1, sauti ya mwimbaji itasimama katikati.

Kilichobaki ni kitambaa cha mbele. Kanga hupendeza lakini ufumaji wake umebana, na hupunguza sauti ya juu. Chagua kitambaa ambacho ukikiweka mdomoni unapumua bila taabu, ukikaze kwenye fremu nyembamba isiyozidi unene wa sentimita moja na nusu, na upime mara moja kikiwapo na mara moja kikiwa kimetolewa. Tofauti ikizidi desibeli 1 juu ya 5,000 Hz, tafuta kingine, au punguza rezista ya twita kidogo ikiwa spika zitakaa zimefunikwa daima kwa sababu ya vumbi na watoto.